Mlinzi wa pamba asiyeandikwa kwenye daftari

Ifikapo Februari, pamba ya Meatu mkoani Simiyu ikiwa imeanza kutoa maua, kazi kubwa ya ulinzi shambani hufanyika bila mtu kuitazama. Usiku, nondo wa rangi ya udongo hutua kwenye majani machanga na kutaga mayai meupe, madogo kuliko kichwa cha pini, moja hapa na jingine pale. Asubuhi sisimizi hupanda shina. Yai wanalolikuta huondoka nalo. Kiwavi aliyeanguliwa alfajiri, mwembamba kama uzi, wakimfikia hamalizi siku.

Safari ya siku moja kuelekea kaskazini, kwenye mpaka wa Sirari na Isebania, asubuhi kama hiyo huanza kwa shughuli nyingine. Bodaboda zinapanga foleni, magunia yanashushwa, na katikati ya mizigo huwamo maboksi ya chupa za dawa ya kuua wadudu zinazotafuta soko upande wa pili.

Biashara hizo mbili, ya sisimizi na ya chupa, zinakutana shambani. Dawa nyingi za pamba zinazouzwa kwa bei nafuu hazichagui: zinaua kiwavi, na zinamuua pia sisimizi aliyekuwa akimla kiwavi huyo. Mfanyabiashara aliyeuza chupa mwezi Januari mara nyingi ndiye huyohuyo, au jirani yake wa kibanda cha pili, atakayetafuta mashudu na mafuta ya pamba kuanzia Juni. Akikuta viwanda vina mzigo kidogo na bei imepanda, hasara hiyo huihesabia mvua. Kumbe sehemu yake ilianzia kwenye boksi alilolivusha mwenyewe.

Mgeni wa usiku

Adui mkuu wa pamba katika ukanda huu ni funza wa vitumba, ambaye wanasayansi humwita Helicoverpa armigera. Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa, na akipata chakula kizuri hufikia hata elfu moja. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache. Funza akishakua hutoboa kitumba na kuingiza kichwa ndani, na hapo dawa inayopuliziwa kwa nje humfikia kwa shida. Hatosheki na kitumba kimoja. Huhama kutoka kimoja kwenda kingine, na kila tundu analoliacha hufungua mlango kwa ukungu na uozo.

Mnunuzi wa pamba anamjua funza huyu hata kama hajawahi kumwona, kwa sababu anamkuta kwenye mzani. Kitumba kilichotobolewa hutoa pamba yenye madoa na nyuzi dhaifu. Mkulima anayeichambua kwa uaminifu huiweka upande wa fifi, yenye bei ndogo, badala ya safi. Asiyeichambua huichanganya, na mzigo mzima ukashuka daraja.

Funza huyu hali pamba peke yake. Mahindi, mtama, dengu, nyanya na alizeti vyote ni chakula chake. Watafiti wa kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, walifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba wingi wake kwenye pamba hutegemea mimea iliyotangulia msimuni, yakiwamo magugu ya jamii ya mgagani. Mtafiti Mtanzania Brigitte Nyambo aliandika kuhusu mfuatano huo wa mimea, na mwaka 1990 akachapisha utafiti kuhusu maadui asilia wa funza huyo magharibi mwa Tanzania.

Nondo wake, tena, ni msafiri. Upepo ukimsaidia, anaweza kwenda mamia ya kilomita. Hana haja ya pasi wala hati ya forodha, na kwa hiyo shamba la Bariadi na shamba la Homa Bay yanahusiana hata kama wenyewe hawajuani.

Kikosi cha ulinzi

Mkulima anayeingia shambani na macho yaliyofunguka hukuta kundi kubwa la wadudu wasiokula pamba hata kidogo. Wapo mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, ambao wao na watoto wao hula vidukari na mayai ya nondo. Wapo wadudu wa kijani wenye mbawa kama wavu, ambao watoto wao hunyonya viwavi wachanga mpaka wakabaki ngozi. Wapo vunjajungu, na wapo buibui, ambao kwa hesabu ya wanasayansi si wadudu lakini kazi yao ni ileile.

Kundi la pili halionekani kirahisi. Ni nyigu wadogo na nzi fulani ambao hawamli funza kwa meno, bali hutaga mayai juu yake au ndani yake. Mtoto wa nyigu huanguliwa, humla mwenyeji wake taratibu kutoka ndani, kisha hutoka akiwa mzima na kuacha ganda. Nyigu wa jamii ya Trichogramma, ambaye urefu wake haufiki milimita moja, huwahi zaidi: hutaga ndani ya yai la nondo, na yai hilo hugeuka jeusi. Badala ya funza, hutoka nyigu.

Kwa upande wa Kenya, watafiti Henk van den Berg na Matthew Cock waliwahi kuchunguza maadui wa funza huyu katika mashamba ya pamba, mahindi, mtama na alizeti. Kati ya wawindaji wote waliowakuta, makundi mawili tu yalikuwa na watu wa kutosha, na yalienea mahali pengi kiasi cha kuleta tofauti: sisimizi, na kunguni wadogo sana wa jamii ya Orius ambao mkulima huwapita bila kuwaona.

Si kwamba sisimizi hana kasoro. Wapo sisimizi wanaowalinda vidukari ili walambe maji matamu wanayoyatoa, kama mfugaji alindavyo ng'ombe wa maziwa. Wengine huwauma wachumaji. Na mwaka nondo wanapofurika, walinzi hawa huzidiwa. Lakini mwaka wa kawaida, sehemu kubwa ya mayai yanayotagwa kwenye pamba hayafiki kuwa funza wakubwa, na hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo.

Dawa inayozaa wadudu

Hesabu inayowachanganya wakulima wengi ni hii: dawa imepuliziwa, wadudu wamekufa, wiki mbili baadaye wadudu ni wengi kuliko mwanzo. Haraka haraka husemwa dawa ni feki. Mara nyingine ni kweli. Lakini hata dawa halisi yaweza kuleta matokeo hayohayo.

Sababu ni mpangilio wa chakula. Funza hula pamba, na pamba ipo pale pale siku ya pili baada ya kupulizia. Nondo wapya wakija kutoka mashamba ya jirani, wanakuta meza imeandaliwa na hakuna mlinzi. Mwindaji yeye hawezi kurudi mpaka windo lirudi kwanza. Katikati hapo kuna siku kadhaa ambazo kila yai linalotagwa hupona. Ndiyo maana upuliziaji wa kwanza, hasa ukifanywa mapema kabla funza hawajafikia kiwango cha kuleta hasara, mara nyingi humlazimisha mkulima kufanya wa pili na wa tatu.

Kundi la dawa lililoenea zaidi kwenye pamba, lenye majina kama saipamethrini, lilitengenezwa kwa kuiga sumu iliyomo kwenye maua ya pareto. Lilianza kutumika sana kwenye pamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwanzoni lilionekana kama muujiza. Mwaka 1983 Australia iliripoti kuwa funza wa vitumba wameanza kulizoea. India ilifuata mwaka 1987, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Afrika Magharibi. Funza alijifunza kuishi na sumu hiyo. Sisimizi na nyigu, kwa sehemu kubwa, waliendelea kufa.

Somo la Gezira

Nchi iliyolipa gharama ya somo hili kwa fedha nyingi haiko mbali. Ni Sudan, kwenye mradi wa umwagiliaji wa Gezira, uliofunguliwa mwaka 1925 kati ya Nile ya Buluu na Nile Nyeupe. Kwa miaka mingi pamba ya nyuzi ndefu ya Gezira ilitafutwa na viwanda vya Ulaya.

Katika miaka ya 1950 mashamba hayo yalipuliziwa dawa takribani mara moja kwa msimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yalipuliziwa mara tisa hivi. Katika kipindi hicho kampuni za dawa zilipewa mikataba ya kusimamia ulinzi wa maeneo makubwa ya pamba. Dawa ziliongezeka, gharama zikapanda, mavuno kwa eneo yakashuka.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa mdudu ambaye zamani hakutisha sana. Nzi weupe, wadogo kama vumbi la unga, walikuwa wakizuiwa na maadui zao. Dawa zilizolengwa kwa funza na wadudu wengine ziliwaondoa maadui hao, na nzi weupe wakafurika. Mdudu huyo hutoa maji matamu yanayodondokea kwenye pamba iliyopasuka. Pamba ikanata. Kiwandani, nyuzi zinazonata hushika kwenye mashine, hukatika na kusimamisha kazi. Wanunuzi wa nje wakaanza kuiogopa pamba ya Sudan na kutaka punguzo la bei.

Hapo ndipo hasara ya sisimizi na nyigu ilipoonekana kwenye ankara. Pamba ilikuwapo, magunia yalijaa, lakini bei ilishuka kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa macho mnunuzi asipoigusa kwa vidole.

Sudan ilibadili njia. Mwaka 1981 DDT ilizuiwa kwenye pamba. Mradi ulioendeshwa na serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kuanzia mwaka 1979 hadi 1996, uliwafundisha watu kuhesabu wadudu kabla ya kupulizia, na kuvumilia idadi kubwa zaidi ya funza kuliko ilivyokuwa desturi. Nyigu wa Trichogramma waliingizwa kutoka nje na wakapata makazi Gezira. Idadi ya upuliziaji ikapungua.

Lira, Meatu na Arba Minch

Mifano ya kuwatumia walinzi hawa kwa makusudi ipo pande zote za Afrika Mashariki. Kaskazini mwa Uganda, katika eneo la Lango kuzunguka mji wa Lira, wakulima walioingia kwenye pamba hai katika miaka ya 1990 walikuwa tayari wana jina la sisimizi weusi wanaowinda kwenye pamba: nginingini. Badala ya kuwafukuza, waliwatunza kama sehemu ya kilimo chao.

Meatu nako mradi wa pamba hai wa bioRe ulianza mwaka 1994. Mkulima wake haruhusiwi kutumia dawa za viwandani, kwa hiyo hutegemea ujanja wa mpangilio. Hupanda alizeti kati ya mistari ya pamba. Nondo hulipenda ua la alizeti kuliko la pamba, hutaga huko, na sisimizi na wawindaji wengine waliovutwa na ua hilohilo hupata chakula mahali pamoja. Alizeti yenyewe hubaki na thamani yake, kwa kuwa mbegu hukamuliwa mafuta.

Ethiopia imekwenda hatua moja mbele kwa kuwapikia walinzi. Wazo lilitoka kwa mwanasayansi mzaliwa wa Ghana, Robert Mensah, aliyefanya kazi kwenye pamba ya Australia: puliza chakula shambani badala ya sumu, na wadudu rafiki watakuja wenyewe kwa harufu. Wakulima wa Benin walilichukua kwa kutumia masalia ya hamira ya kiwanda cha bia. Baadaye likafika Arba Minch, kusini mwa Ethiopia, upande unaoelekea Kenya, ambako mahindi yalitumika kutengeneza chakula hicho. Wadudu rafiki hufuata chakula, wakishafika hukuta mayai na viwavi, na hubaki kuwinda.

Njia hizi zina sharti moja. Mkulima lazima aingie shambani mara kwa mara, atazame chini ya majani, ahesabu funza na ahesabu walinzi, kisha ndipo aamue. Anayepulizia kwa kufuata kalenda, au kwa sababu jirani amepulizia, hawezi kunufaika nazo. Na mashina ya msimu uliopita lazima yang'olewe na kuchomwa kwa wakati, maana humo ndimo wadudu waharibifu wengine hupata pa kungojea msimu mpya.

Mambo ya kuangalia mpakani

Kwa mfanyabiashara, la kwanza ni usajili. Dawa iliyosajiliwa Kenya na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu haihesabiki kuwa imesajiliwa Tanzania, ambako mwenye mamlaka ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kila nchi ina orodha yake. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomwezesha mchuuzi kuvusha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 bila ushuru, hauondoi hitaji la kibali cha viuatilifu. Anayevusha chupa tano chini ya mitumba hana kinga kwa sababu tu ni tano.

La pili ni mbegu. Kenya iliidhinisha pamba ya Bt mwishoni mwa mwaka 2019. Pamba hiyo ina sumu yake ya ndani inayolenga viwavi, na sisimizi wasiokula majani hawaguswi kama wanavyoguswa na dawa ya kupulizia. Lakini haiwazuii vidukari wala wadudu wengine wanaofyonza maji ya mmea. Zaidi ya hayo, mbegu hiyo haijaruhusiwa kulimwa kibiashara Tanzania wala Uganda. Mfuko ulio halali Busia ya Kenya ni kosa ukivuka barabara kuingia Busia ya Uganda.

La tatu ni kusafirisha wadudu bila kujua. Tanzania kwa miaka mingi imezuia kilimo cha pamba katika sehemu kubwa ya kusini mwa nchi, upande wa Msumbiji na Malawi, ili funza mwekundu asipate ngazi ya kupandia hadi mashamba ya Kanda ya Ziwa. Mtu anayebeba pamba mbegu kutoka huko kwenda kaskazini anaweza kumbeba mgeni ambaye walinzi wa kienyeji hawajawahi kupambana naye.

La nne ni ushauri unaotoka dukani. Mkulima akifika na kusema ameona wadudu, muuzaji mzuri huuliza kwanza: ni wadudu gani, wangapi, na sisimizi wapo? Swali hilo linaweza kumpotezea mauzo ya chupa moja leo. Lakini duka linaloweza kuuza pia mbegu za alizeti za kupanda kati ya mistari, dawa zinazolenga viwavi pekee zilizosajiliwa, na vifaa vya kujikinga wakati wa kupulizia, halitegemei chupa hiyo moja.

La tano linamhusu mnunuzi wa mazao. Pamba ishikwe kwa mkono kabla ya kupimwa. Ikinata, au fifi ikiwa nyingi kuliko kawaida, mnunuzi aulize ilipuliziwa mara ngapi na lini. Jibu litamweleza mengi kuhusu mzigo wa msimu ujao kutoka kijiji hicho.

Hesabu ya mwisho

Wafanyabiashara wana msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye daftari la pamba huandikwa mbegu, jembe, palizi, dawa, vibarua wa kuchuma, magunia na nauli. Sisimizi haandikwi, kwa kuwa hakudai chochote. Siku akitoweka, pengo lake hujazwa na kitu kinachoandikwa: chupa ya pili, ya tatu, ya nne, kisha punguzo la bei kiwandani.

Jioni Meatu, jua likishuka, nondo wa kwanza huanza tena kuruka juu ya maua. Sisimizi nao bado wako njiani, wakipanda na kushuka shina kwa mistari. Kama mkulima atawaacha hadi asubuhi, inategemea anachokijua, na sehemu ya anachokijua hukisikia dukani, kutoka kwa mtu aliyevuka mpaka na mzigo.